Rejesta ya ajali ikiwa tupu katika chuo cha tiba ya mifugo

Swali: Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kinachofundisha madaktari wa mifugo. Miezi miwili iliyopita niliteuliwa kuwa msimamizi wa usalama na afya mahali pa kazi, juu ya kazi zangu za kila siku. Rejesta ya ajali niliyokabidhiwa ina maandishi mawili tu kwa mwaka mzima, na mkuu wa idara anasema huo ni ushahidi kwamba tuko salama. Anasema pia wanafunzi si waajiriwa, hivyo hawanihusu. Fedha niliyopewa inatosha glavu, barakoa na mabango ya ukutani. Nianzie wapi? Halafu kuna mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyeniambia faraghani kwamba ni mjamzito, na hajui kama aendelee na mafunzo ya hospitali ya wanyama. Nimshauri nini?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujanunua jozi moja ya glavu, ingia darasa la mwaka wa mwisho wakati mwalimu hayupo. Wagawie wanafunzi vikaratasi visivyo na majina, kisha uwaulize maswali matatu. Umewahi kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika? Umewahi kung'atwa, kupigwa teke au kubanwa na mnyama hadi ukaumia? Ulimwambia nani? Nilifanya hivyo katika chuo ambacho rejesta yake ilikuwa safi kama hiyo yako. Majibu ya maswali mawili ya kwanza sikuyashangaa. Jibu la swali la tatu ndilo lililoninyima usingizi, maana karatasi baada ya karatasi iliandikwa: sikumwambia mtu.

Mahali penye fahali, farasi, mbwa wenye maumivu, visu vya kupasulia mizoga na mamia ya sindano kwa wiki, rejesta tupu haina maana nyingine ila kwamba watu wamenyamaza. Mwanafunzi ananyamaza kwa sababu mtu ambaye angemweleza ndiye atakayempa maksi. Mhudumu wa mabanda ananyamaza kwa sababu mkataba wake ni wa miezi mitatu. Na daktari bingwa ananyamaza kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa na mtu aliyeonyesha makovu yake kama nishani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika fani yetu hilo si fumbo: mtu anayeficha jeraha la kung'atwa na mbwa anaweza kufa kwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo tengeneza fomu ya nusu ukurasa. Nini kilitokea, wapi, saa ngapi, kazi gani ilikuwa ikifanyika, nini kingeweza kuzuia. Usiweke mstari wa kuuliza nani alikosea. Pokea na matukio ya nusura, yale ambayo teke lilipita kando ya sikio au sindano ilitoboa glavu bila kugusa ngozi. Kisha timiza jambo moja bila kukosa: kila aliyeripoti apate jibu ndani ya wiki, hata kama jibu ni kwamba bado unalishughulikia. Watu hawaachi kuripoti kwa sababu fomu ni ndefu tu. Huacha kwa sababu waliripoti mara moja na hawakusikia chochote tena. Ukifanya vizuri, mwaka wa kwanza idadi ya ajali kwenye rejesta itapanda sana. Mwambie mkuu wa idara mapema kwamba itapanda, umweleze na sababu, asije akadhani wewe ndiye uliyeleta ajali.

Kuhusu wanafunzi, soma sheria ya nchi yako, kwa kuwa nchi hutofautiana. Lakini usimsubiri mwanasheria ndipo uanze. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi anapokuwa na sababu ya kweli ya kuamini kwamba maisha yake yamo hatarini, na mwaka 2022 shirika hilo liliiweka haki ya mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi kazini. Mwanafunzi anashika ng'ombe yule yule, kwa kamba ile ile, akiwa na uzoefu mdogo kuliko wote waliopo. Ukimwondoa kwenye mfumo wako, umemwondoa anayeelekea zaidi kuumia. Mimi ningemhesabu kuwa mfanyakazi kwa kila jambo, isipokuwa mshahara.

Sasa njoo kwenye tathmini ya vihatarishi. Wengi huanza kwa orodha ya magonjwa: kimeta, brusela (ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba mifugo na kuambukiza watu), kifua kikuu, choa, na kuendelea. Orodha hiyo ni kweli tupu, na haimsaidii mtu yeyote, kwa kuwa mnyama haji na jina la ugonjwa limeandikwa kwenye paji la uso. Pita kazi kwa kazi. Simama kando uangalie jinsi kazi inavyofanywa hasa, si jinsi kitabu kinavyosema. Uliza mikono iko wapi, uso uko wapi, njia ya kukimbilia iko wapi.

Nikupe mfano mmoja ninaourudia kila mahali. Analetwa ng'ombe anayetokwa na mate na kushindwa kumeza. Mwalimu anahisi amekwama kitu kooni, anamwita mwanafunzi mwenye mkono mwembamba aingize apapase. Ni kazi ya kawaida, na mara nyingi kweli kuna kitu kimekwama. Lakini ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa naye hutokwa na mate na kushindwa kumeza, na kwa siku za mwanzo anaweza kuwa mpole kabisa. Virusi vimo ndani ya mate hayo, na mkono wa mwanafunzi una mikwaruzo ya kamba ya jana. Hapa glavu peke yake si jibu, maana meno ya ng'ombe yanaichana. Jibu ni kanuni ya kazi: hakuna mkono unaoingia kinywani mwa mnyama asiyeweza kumeza mpaka daktari aseme kwa sauti, mbele ya wote, kwamba amekifikiria kichaa cha mbwa, na mwenye kuingiza mkono awe amechanjwa.

Chanjo yenyewe isiwe ombi la hiari linalobandikwa ubaoni. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili tu za kinga ya awali, siku ya kwanza na baada ya siku saba, kwa watu wenye afya njema. Aliyechanjwa hivyo akija kung'atwa anahitaji dozi chache za nyongeza, wala hahitaji sindano ya kingamwili, ambayo ni ghali na mara nyingi haipatikani. Wachanje kabla ya siku ya kwanza ya kumgusa mnyama. Na kila chumba cha matibabu kiwe na sabuni na bomba la maji yanayotiririka, kwa sababu jeraha la kung'atwa linaoshwa kwa dakika 15 nzima. Pima kwa saa ukutani. Dakika 15 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani, na karibu kila mtu huacha baada ya mbili.

Kwenye sindano ndiko nitakakokaa zaidi, kwa kuwa ndiko uzembe umekuwa desturi. Madaktari wa mifugo hufunika sindano tena baada ya kuitumia, hushika kifuniko kwa meno mkono mwingine ukiwa umemshika mnyama, na huhifadhi sindano mfukoni. Hujitetea kwamba damu ya mbwa haina UKIMWI. Ni kweli, lakini si damu tu inayomchoma mtu. Chanjo za brusela zina bakteria walio hai. Aina ya RB51 inayotumika kwa ng'ombe haiuliwi na rifampisini, moja ya dawa ambazo daktari wa binadamu huzikimbilia kwa brusela, na vipimo vya damu vya kawaida haviwezi kuionyesha. Chanjo ya Rev-1 ya mbuzi na kondoo nayo inahimili streptomaisini, dawa nyingine ya brusela. Kwa hiyo mtu akijichoma na chanjo, kwenda hospitali peke yake hakutoshi. Lazima aende na kichupa, au angalau jina la chanjo limeandikwa. Tilmikosini, dawa ya mapafu ya ng'ombe, hudhuru moyo wa binadamu, haina kiondoa sumu, na watu wamekufa kwa kuchomwa nayo. Dawa za kulaza wanyamapori za jamii ya etorfini huweza kumdhuru mtu vibaya kwa kiasi kidogo mno, na chuo kinachozitumia hakina budi kuwa na kiondoa sumu kimeandaliwa kabla bunduki ya usingizi haijajazwa, na mtu wa pili anayejua kukitumia.

Tengeneza kadi ya ukubwa wa kiganja kwa kila dawa hatari iliyo kwenye kabati: jina, inachofanya mwilini mwa mtu, afanyiwe nini kwanza, daktari aambiwe nini. Kadi hiyo iondoke na mgonjwa. Daktari wa zamu katika hospitali ya watu huenda hajawahi kusikia jina la dawa hizi maishani mwake, na saa mbili za usiku si wakati wa kumfundisha. Kisanduku cha sindano zilizotumika kiwe umbali wa mkono kutoka mnyama alipo. Kikiwa ng'ambo ya chumba, watu watafunika sindano tena, na hutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Hapo ndipo penye kiini cha yote ninayotaka kukuambia. Chuo si hospitali ya kawaida. Mwalimu anayefunika sindano kwa meno mbele ya wanafunzi 40 amekwisha kuwafundisha madaktari 40, na kila mmoja atabeba tabia hiyo miaka 30 kwenye mabanda ambayo wewe hutayaona kamwe. Bango lako ukutani halishindani na mkono wa profesa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu zako ielekeze kwa walimu, si kwa wanafunzi. Kaa nao mmoja mmoja, kwa heshima, ukiwa na vile vikaratasi mkononi. Waombe wafanye jambo moja dogo kila somo: kabla ya kumgusa mnyama, waseme kwa sauti wanachokihofia na watakavyojikinga. Wengi ni watu wema ambao hawajawahi kuonyeshwa kwamba wanafunzi wao wanaumia kimya kimya. Na maksi za mtihani wa vitendo zihesabu usalama: anayesimama vibaya nyuma ya farasi afeli kituo hicho, hata kama utambuzi wake wa ugonjwa ni sahihi.

Chumba cha kuchunguzia mizoga kina kanuni moja ambayo haina majadiliano. Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, hasa ukiwa na damu isiyoganda inayotoka puani au kwenye haja kubwa, haupasuliwi mpaka tone la damu, kwa mfano kutoka sikioni, lipakwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini. Mzoga wa kimeta ukishafunguliwa na kupata hewa, bakteria hutengeneza mbegu zinazoweza kudumu udongoni kwa miongo kadhaa. Kijusi kilichotupwa na kondo la nyuma navyo vichukuliwe kuwa na brusela au homa ya Q mpaka vithibitishwe vinginevyo. Homa ya Q husafiri hewani na inahitaji vijidudu vichache sana kumwambukiza mtu. Mlipuko wa Uholanzi kati ya 2007 na 2010, uliotokana na mbuzi wa maziwa, uliwapata zaidi ya watu 4,000. Ukiona wanafunzi 30 wamezunguka meza moja yenye kijusi cha mbuzi, 26 kati yao hawana kazi hapo. Kamera na skrini kwenye chumba cha pili vitakulinda kuliko barakoa 26.

Formalini ya kuhifadhia viungo vya anatomia imezoeleka mno hata machozi ya wanafunzi huchukuliwa kama mzaha wa mwaka wa kwanza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Viungo viloweshwe na kusuuzwa kwa maji kabla ya somo, ndoo zifunikwe, na hewa ivutwe chini ya meza badala ya kupanda kupitia puani mwa mtu. Feni ya dari inayozungusha mvuke ule ule chumbani haisaidii kitu.

Nusukaputi nayo ina hila yake: mtu akisikia harufu ya isoflureni, gesi ya kulaza wanyama, tayari kiasi kilichomo hewani kimepita kile kinachokubalika. Harufu si kipimo cha tahadhari. Jaribu mashine kwa uvujaji kila asubuhi, tumia mpira wa kupumulia unaoziba vizuri, na kopo la mkaa linalonyonya gesi ya ziada lipimwe kwenye mizani na kubadilishwa likifikia uzito uliowekwa na mtengenezaji. Eksirei nitaipita haraka kwa kuwa kwingi ina wakaguzi wake: beji za kupimia mionzi zivaliwe, si kuning'inizwa mlangoni, na aproni ya madini ya risasi ijulikane kwamba huzuia mionzi iliyotawanyika tu, si mwali wenyewe. Mkono usiingie kwenye mwali, hata ukiwa ndani ya glavu ya risasi. Mlaze mnyama kwa dawa, mwegemeze kwa mifuko ya mchanga, mtu atoke nje. Na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika wenye mbegu za uhimilishaji usikae kwenye kistoo kisicho na dirisha. Lita moja ikigeuka gesi inakuwa karibu lita 700, inafukuza hewa ya kupumua, na haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu.

Tukirudi kwenye banda, magonjwa huogopwa, lakini uzito wa mnyama ndio unaovunja mifupa. Farasi hupiga teke kwenda nyuma moja kwa moja. Ng'ombe hulizungusha mbele na kando, ndiyo maana mtu aliyezoea mmoja huumizwa na mwingine. Kamba haizungushwi mkononi kamwe. Kabla ya kufunga lango la krashi, kile kizuizi chembamba cha kumbana ng'ombe, kila mtu aonyeshe atakakotokea. Wahudumu wa mabanda wanajua haya kuliko maprofesa wengi, hivyo waite waje wawafundishe wanafunzi, na walipwe kwa saa hizo. Hao hao, pamoja na wafuaji wa makoti na waosha sakafu, wamo kwenye hatari bila kuambiwa chochote. Sindano iliyosahaulika mfukoni mwa koti humchoma mfuaji.

Sasa ile fedha yako ya glavu. Vifaa kinga ni hatua ya mwisho, baada ya kuondoa hatari, kuibadilisha, kuizuia kwa vizuizi na hewa, na kupanga kazi upya. Havidharauliki, lakini usiviache vibebe mzigo wote. Kama kiasi ni kidogo, ningeanza na sabuni, mabomba na visanduku vya sindano. Usiridhike na vichupa vya spiriti ya mikono mlangoni mwa banda la ndama. Kriptosporidiamu, kimelea kinachowaharisha wanafunzi wa tiba ya mifugo mara kwa mara baada ya kuwahudumia ndama, hakiuliwi na spiriti, wala hakiuliwi na klorini ya kawaida. Kinaondolewa kwa kunawa kwa sabuni na maji. Chai na simu zisiingie bandani, na makoti ya banda yasirudi bwenini.

Kuhusu huyo mwanafunzi mjamzito, kwanza umshukuru kwa kukuamini, na siri yake usimpe mtu yeyote bila ruhusa yake. Hasa asije akaambiwa achague kati ya mimba na shahada. Aonane na daktari wake akiwa na orodha ya kazi anazotakiwa kuzifanya, si maelezo ya jumla kwamba anasoma mifugo.

Yapo mambo ambayo ningemwondoa leo hii bila kusubiri barua. Asiwazalishe kondoo wala mbuzi, asiguse kijusi, kondo wala matandiko yao. Klamidia inayowatupisha mimba kondoo inaweza kuharibu mimba ya mwanamke, na homa ya Q na brusela zimo kwenye mazizi yale yale. Asivute kwenye sindano wala kugusa prostaglandini na oksitosini, dawa za homoni za uzazi, kwa kuwa prostaglandini hupenya ngozi na kuufanya mji wa mimba ujikaze. Mtu mwingine ajaze sindano hizo. Asiwe chumbani mnyama anapolazwa kwa gesi ya kinyago. Asimshikilie mnyama wakati wa eksirei. Kanuni za kimataifa za kinga ya mionzi zinataka mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiverti 1 hivi katika muda wote uliobaki wa mimba. Asisafishe kinyesi cha paka. Kikisafishwa kila siku na mtu mwingine ni bora kwa wote, kwa sababu vimelea vya toksoplazma huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Dawa za saratani, chanjo hai za brusela na meza za formalini azikwepe pia, na kadiri tumbo linavyokua, asisimame ndani ya krashi.

Kinachobaki bado ni mafunzo ya kutosha: kliniki ya wagonjwa wa kawaida, kusoma picha za eksirei, hadubini, famasia kwa karatasi, kupanga chanjo za kundi, kuongoza mazungumzo na wenye wanyama. Keti na mratibu wa kozi, kwa ruhusa ya mwanafunzi huyo, muandike kwa tarehe ni zamu zipi zinabadilishwa sasa na zipi atazifidia baada ya kujifungua, maksi zake zikiwa zimelindwa. Kisha karatasi hiyo, bila jina lake, iweke kwenye kitabu cha wanafunzi wote wanaoanza mwaka ujao, ili anayefuata ajue pa kwenda hata kabla hajamwambia mtu.